Serikali Ndogo ya Nani?

Ninawaandikia vijana wenzangu. Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika ambao mnasoma maandishi yetu kimyakimya, leo kuna yenu humu. Ninaandika kutoka Iyolwa, hapa Tororo, karibu na mipaka ya Busia na Malaba. Wengi mnanijua kutoka Kiryandongo, kwenye kazi ya kujitolea, kupanga foleni na kutafsiri kwenye mikutano ya bloku. Huku niko kwa ndugu wa upande wa mama kwa muda, natafuta riziki.

Kuna maneno yanazunguka sana kwenye simu zetu siku hizi: serikali imekuwa kubwa mno, ipunguzwe, watu wajitegemee. Ni video za wanasiasa wa Marekani, wa Kenya, na hata wa hapa Uganda. Vijana wetu wanapiga makofi. Juzi mmoja aliandika kwenye grupu, "Huyu ndiye kiongozi, anakata matumizi bila huruma." Jioni hiyohiyo ndugu huyo akauliza kama kuna mtu ameshapata ujumbe wa pesa ya chakula. Nilitaka kumjibu nikaona jibu ni refu. Ndiyo hili.

Niseme hoja yangu mapema ili asiye na bando asichoke. Serikali ina mikono miwili. Mmoja unatoa: chakula, dawa, shule, maji. Mwingine unashika: polisi, jela, mpaka, kodi, vizuizi vya barabarani. Mwanasiasa anayehubiri serikali ndogo karibu kila mara anakata mkono unaotoa, na ule unaoshika anaulisha unenepe. Watu wakiona hivyo wanasema anajipinga, maneno yake na matendo yake hayalingani. Mimi naona tunamsamehe bure tukisema hivyo. Mtu anayejipinga amechanganyikiwa. Huyu hajachanganyikiwa hata kidogo, anajua ni mkono gani anaukata na ni nani aliyekuwa akilishwa nao.

Tuanze na Marekani kwa sababu ndiko makofi mengi yanakopigwa. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Tajiri Elon Musk akawa uso wa kampeni ya kubana matumizi, ati serikali inakula pesa za wananchi. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa rasmi na mabaki yake yakapelekwa wizara ya mambo ya nje. Hadi hapo unaweza kusema: sawa, mtu aliahidi serikali ndogo na ametimiza.

Sasa hesabu siku tatu tu. Tarehe 4 Julai 2025 rais huyohuyo alitia saini sheria inayotenga takriban dola bilioni 170 kwa ajili ya mpaka na kazi ya kukamata na kufukuza wahamiaji, zitumike kwa miaka kadhaa. Ndani yake kuna dola bilioni 45 za mahabusu za wahamiaji peke yake, na zaidi ya bilioni 46 za ukuta. USAID nzima, kwa dunia yote, ilikuwa ikisimamia karibu dola bilioni 40 kwa mwaka. Kwa hiyo pesa ya mahabusu pekee inazidi pesa ya mwaka mzima ya shirika lililofungwa kwa sababu eti serikali ni kubwa. Hapo serikali imepungua wapi? Imehama. Imetoka kwenye sahani yako ikaenda kwenye pingu.

Na huku kwetu tumeiona ikihama. Mwaka 2024 karibu nusu ya pesa zote za WFP duniani zilitoka Marekani. Mei 2025 WFP ilitangaza kwamba watu milioni moja hapa Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula, wakabaki kama 663,000. Nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.8. Mwaka huohuo wale waliokuwa wakingoja ndege ya kwenda Marekani wakaambiwa warudi makambini. Idadi ya wakimbizi ambao nchi hiyo ilikubali kuwapokea kwa mwaka ilikuwa 125,000 chini ya rais aliyetangulia. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 ikashushwa hadi 7,500. Halafu Agosti 2025 Uganda ikatangaza makubaliano na Marekani ya kupokea watu wa nchi nyingine waliokataliwa hifadhi kule. Hebu fikiria: ndege ya kumpeleka mkimbizi haina pesa, ndege ya kumrudisha aliyekataliwa ipo.

Najua kuna mtu atasema, "Ni pesa zao, hawatudai kitu." Kweli. Mlipa kodi wa Marekani hana deni langu, na sijawahi kufikiri kwamba mimi nina haki na mfuko wake kuliko watoto wake. Akisema moja kwa moja, "Sitaki tena kulisha wageni, nataka kujenga jela," nitahuzunika lakini nitamheshimu kwa kusema ukweli. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya serikali ndogo. Asitumie jina la uhuru kununulia pingu.

Wala hili halikuanza jana. Ronald Reagan alipoapishwa mwaka 1981 aliwaambia Wamarekani kwamba katika matatizo yao serikali ndiyo tatizo lenyewe. Akapunguza kodi, akabana programu za maskini, akaongeza bajeti ya jeshi. Alipoondoka mwaka 1989 deni la serikali yake lilikuwa limekaribia kuongezeka mara tatu. Kule Uingereza Margaret Thatcher aliimba wimbo huohuo. Lakini wachimbaji wa makaa ya mawe walipogoma mwaka 1984 na 1985, serikali iliyosema haitaki kuingilia maisha ya watu ilipata maelfu ya polisi wa kuwatuma kwenye migodi. Mwaka 1986 ikalifuta baraza lililokuwa likiendesha London, ambalo lilikuwa la wapinzani wake. Serikali ya chini ikafutwa, ya juu ikabaki na nguvu zaidi.

Na ili nisionekane namchukia mtu wa chama fulani: Februari 2025 serikali ya Labour ya Uingereza, ambayo haihubiri serikali ndogo, ilitangaza itapunguza misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, ili pesa hiyo iende jeshini. Tofauti ni kwamba hao walisema wazi wanakopeleka. Angalau unajua umeibiwa na nani.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kucheka Wazungu.

Serikali ya NRM iliingia Kampala Januari 1986. Mwaka uliofuata, Mei 1987, ilikubali mpango wa kufufua uchumi pamoja na IMF na Benki ya Dunia. Hapo ndipo nchi hii ilipoanza kuambiwa kwamba serikali haina kazi ya kufanya biashara. Katika miaka ya 1990 wafanyakazi wa umma wakapunguzwa karibu nusu. Mashirika yakauzwa. Uganda Commercial Bank, iliyokuwa benki ya mtu wa kijijini, ikauzwa kwa Stanbic mwaka 2002. Mwaka 2006 reli ikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 25, na mkataba ukavunjika kabla haujafika nusu. Tororo ndipo reli inapogawanyika, mmoja unaenda Kampala na mwingine unaelekea Mbale, Soroti hadi kaskazini. Leo ukitaka kujua mzigo wa reli ulikwenda wapi, nenda Malaba uone foleni ya malori.

Sisemi mambo yote yale yalikuwa mazuri kabla ya kuuzwa. Wazee hapa Iyolwa wanakumbuka kulima pamba na kahawa na kungoja malipo ya serikali miezi na miezi. Mashirika mengine yalikuwa matundu ya kupotezea pesa. Mtu aliyesema yapunguzwe alikuwa na hoja.

Lakini je, serikali ilipungua? Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa 135, bila kuhesabu jiji la Kampala. Tororo yenyewe imezaa Busia mwaka 1997 na Butaleja mwaka 2005, na kwa miaka mingi watu wa hapa, Wajapadhola na Waiteso, wamevutana kuhusu kuigawa tena na manispaa iende kwa nani. Kila wilaya mpya inakuja na mwenyekiti, madiwani, gari, ofisi, mbunge mwanamke wa wilaya, na RDC anayeteuliwa na rais mwenyewe. Bunge lililoapishwa mwaka 2021 lilikuwa na wabunge 529, wakati lile la mwaka 1996 halikufika 300. Baraza la mawaziri lililotajwa mwaka huohuo wa 2021, ukihesabu na mawaziri wadogo, lilizidi watu 80.

Mwishoni mwa 2024 bunge hilo kubwa likapitisha kuvunjwa kwa UCDA, mamlaka ya kahawa, na kazi zake kurudishwa wizarani. Sababu waliyotoa ni kubana matumizi na kuondoa ofisi zinazofanya kazi moja. Labda hoja ilikuwa na maana, sibishi. Ila inachekesha kuona watu 529 wakikaa kujadili ofisi gani haina kazi, na wakatafuta kila mahali isipokuwa chumba walichokaa. Nyani haoni kundule.

Na mkono unaoshika haukuwahi kukosa bajeti. Julai 2018 tuliletewa kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku ili ufungue WhatsApp, pamoja na kodi ya pesa za simu. Ile ya mitandao iliondolewa mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Ile ya kutoa pesa kwenye simu, asilimia 0.5, iko mpaka leo. Kwa hiyo mama anayepokea pesa ya chakula kwenye simu, akienda kuitoa kwa wakala, analipa serikali kwanza ndiyo anunue posho. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, serikali hiyohiyo isiyoweza kufikisha dawa kwenye vituo vya afya ilizima intaneti ya nchi nzima kwa siku kama tano. Nguvu hazikukosekana. Zilikuwa mahali pengine tu.

Kuna jambo moja la hapahapa linaloonyesha kwamba yote haya ni kuchagua. Kwa miaka mingi wagonjwa walilipa ada kwenye vituo vya serikali, kwa maelezo kwamba serikali haiwezi kubeba kila kitu. Machi 2001, wakati wa uchaguzi wa rais, ada zikaondolewa. Watu wakamiminika hospitalini, hasa maskini. Dawa ziliisha, mistari ikawa mirefu, lakini wagonjwa waliokuwa wakifia nyumbani kwa kukosa ada walikuja. Ina maana muda wote ule kauli ya "serikali haiwezi" ilikuwa ikimaanisha "serikali haijaona sababu". Kura ilipohitajika, sababu ikaonekana.

Vuka mpaka sasa, uingie Kenya, kwa sababu nusu ya video hizi zinatoka huko na vijana wa Busia wanazibishania mchana kutwa. William Ruto aliingia madarakani Septemba 2022 kwa jina la mahasla. Akasema serikali imekuwa ikiishi juu ya uwezo wake, akaahidi kukata bajeti kwa shilingi bilioni 300, akaondoa ruzuku ya petroli na unga. Bei ikamshukia hasla. Machi 2023 akateua makatibu wasaidizi tawala 50. Hamsini! Mahakama Kuu ikatangaza Julai 2023 kwamba uteuzi ule ulivunja katiba. Mwaka huohuo VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16 na mishahara ikaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana wakaingia bungeni Nairobi kupinga mswada wa fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Rais akauondoa mswada siku iliyofuata. Tarehe 5 Julai akatangaza kuvunja mashirika 47 ya serikali, kupunguza washauri kwa nusu, na kufuta bajeti za ofisi za mke wa rais na mke wa naibu wake. Soma tena orodha hiyo polepole. Kumbe vitu vya kukata vilikuwepo tangu mwanzo, tena juu kabisa, mezani kwake. Lakini ruzuku ya unga ilikatwa wiki za mwanzo, na ofisi ya mke wa rais ikangoja karibu miaka miwili na damu ya vijana.

Hapo ndipo unapomtambua mhubiri wa serikali ndogo. Mwangalie anaanza kukata wapi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sasa mtaniuliza, mambo ya wilaya na mawaziri yanamhusu nini mkimbizi asiyepiga kura? Yanamhusu kuliko mtu yeyote. Raia anakatiwa mkono unaotoa lakini ana shamba, ana ukoo, ana kura ya kumtishia mbunge. Sisi tunaishi kwenye kile kinachokatwa, na tunaishi chini ya kile kinachobaki. Chakula kikikatwa, kadi bado inakaguliwa. Kliniki ikipunguziwa wauguzi, kizuizi cha barabarani hakipunguziwi askari.

Na mahali hapa nilipo panajua. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 kuharibika, Wakenya kama 12,000 walivuka kuja Uganda kupitia Malaba na Busia. Mama yangu alivuka akiwa amenishika mkono. Kwanza watu walikaa kwenye shule, halafu kambi ya muda ikafunguliwa Mulanda, tarafa jirani na hapa Iyolwa. Kutoka hapo wengine walirudi kwao, wengine tukapelekwa Kiryandongo. Wazee wa hapa bado wanaikumbuka Mulanda ile, mahema, malori ya UNHCR, wanawake wa kijiji wakiuza mihogo na wengine wakigawa bure. Watu wa Budama hawakuwa na kitu cha ziada. Lakini kulikuwa na serikali iliyotoa ardhi na ruhusa, kulikuwa na mashirika yenye pesa, na majirani. Ukiondoa mmoja kati ya hao watatu, majirani wanalemewa. Wanaosema "serikali iondoke, jamii itasaidiana" hawajawahi kuwa jamii inayopokea watu 12,000 ndani ya mwezi mmoja.

Sasa kwenu nyinyi wafanyakazi wa mashirika. Najua mmeumia pia. Wengi wenu mlipata barua za kuachishwa kazi mwaka 2025, na wengine ni marafiki zangu. Lakini kuna neno ambalo mmelibeba kutoka kwa hao wahubiri bila kuliangalia vizuri: kujitegemea. Mwaka 2023 tulipangwa kwenye makundi matatu, na kundi la tatu, waliohesabiwa kuwa wanajitegemea, wakaondolewa kwenye chakula. Neno ni zuri. Hakuna kijana humu anayetaka kula kwa kadi hadi azeeke. Lakini kujitegemea kunahitaji kitu cha kukiegemea. Kiwanja cha mkimbizi kinazidi kupungua kila wageni wanapoongezeka. Mkopo wa benki unataka hati ambazo hatuna. Cheti cha shule cha Goma au Juba kinakaa miaka kikingoja kutambuliwa.

Nilimtafsiria mama mmoja wa bloku yetu ambaye aliwekwa kundi la kujitegemea kwa sababu siku ya kuhesabiwa alikuwa na meza ya nyanya mbele ya nyumba. Nyanya zenyewe alikopeshwa. Aliponiuliza "kujitegemea" maana yake ni nini, nilimweleza vile nilivyoelezwa. Akasema, "Kumbe ni kuachwa kwa jina zuri." Karani aliandika kwamba mlalamikaji ameelewa.

Kwa hiyo ninawaomba: pesa ikiisha, semeni pesa imeisha. Msiseme sisi tumehitimu. Mtu akiambiwa amekatwa kwa sababu wafadhili wamepeleka pesa kwenye jeshi na kuta, atajua wa kumlaumu na atajua si kosa lake. Akiambiwa ameondolewa kwa sababu anajitegemea, atarudi nyumbani ajione mwongo mbele ya watoto wenye njaa.

Kuna upande mwingine wa hoja, na sitaukwepa. Mtu ataniambia: "Wewe mkimbizi, wa kutetea serikali kubwa ni wewe kweli? Ni nani aliyekufukuza kwenu kama si serikali?" Swali ni la haki. Wengi wetu humu tulikimbia watu wenye sare, na wengine walikimbia wanamgambo walioachiwa nafasi na serikali isiyokuwepo. Tumeyaona yote mawili. Ndiyo maana sitetei ukubwa. Serikali iliyojaa mawaziri na vizuizi ni mzigo hata kama inajiita ya wananchi. Mimi nataka ipunguzwe kweli, tena nina orodha.

Njooni Busia nianze kuwaonyesha. Pale kuna kituo cha pamoja cha mpaka, kizuri, kilichofunguliwa rasmi na Marais Museveni na Kenyatta Februari 2018. Soko la pamoja la Afrika Mashariki limekuwa sheria tangu Julai 2010. Mwananchi wa Uganda au Kenya anavuka kwa kitambulisho tangu 2014. Mama mwenye mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 ana utaratibu wake mwepesi wa forodha. Yote hayo yanasifiwa kama ushindi wa biashara huru na serikali isiyobana watu. Sasa mkimbizi aje na kadi yake ya ukimbizi. Kadi hiyo si hati ya kusafiria. Aombe hati ya kusafiria ya mkimbizi, angoje, alipe, afuatilie Kampala. Huku akingoja, maharage yake yanaoza. Anayeshindwa kungoja anapita njia za panya, na kule anakutana na yule mtu mwenye tochi anayetaka kitu kidogo. Hiyo tochi ni serikali pia, na sijasikia mhubiri hata mmoja wa serikali ndogo akisema izimwe.

Kama mnataka kupunguza, anzeni hapo. Punguzeni vibali. Punguzeni safari za Kampala kwa karatasi moja. Punguzeni kizuizi kinachomuuliza dereva wa boda kwa nini amebeba mkimbizi. Ondoeni ile asilimia 0.5 kwenye pesa ya chakula. Hiyo ni serikali ndogo ambayo ningeiandamania mimi mwenyewe na mabango, na ingetufanya tujitegemee kuliko semina elfu moja. Lakini hamtasikia ikihubiriwa, kwa sababu mkono unaoshika unawalisha wanaoushika.

Vijana wenzangu, kwa hiyo video ikija tena, kabla ya kupiga makofi ulizeni maswali matatu. La kwanza, anakata nini kwa jina lake? Usikubali "matumizi", taka orodha: ni dawa, ni chakula, ni walimu, au ni magari ya mawaziri? La pili, pesa iliyookolewa imekwenda wapi? Pesa haifi, inahama. La tatu, kisu kimeanzia kwa nani? Kama kimeanzia kwa aliyekishika, msikilizeni, huenda ni mtu wa kweli. Kama kimeanzia kwa mama wa nyanya, basi mnajua mnachokitazama.

Tukikutana kwenye mikutano ya bloku, tuyaulize haya kwa sauti, mbele ya OPM, mbele ya mashirika, kwa heshima lakini kwa sauti. Kura hatuna. Maswali tunayo, na mtu anayehesabu vizuri ni vigumu kumdanganya kwa neno zuri.